Foamu ya kopo kwa nyumba ya Tabora: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, makopo ya foamu (povu la kupuliza kwenye mwanya, likavimba na kuganda) hupangwa rafu moja na silikoni na gundi ya mbao, yote marefu, yote yanafanana. Ukimuuliza muuzaji tofauti yake, mara nyingi atakutajia bei. Kazi inayowapeleka wengi dukani ni mwanya kati ya fremu na ukuta. Fundi seremala amenyoosha fremu yake ya mninga vizuri, ila tundu la ukuta wa tofali za kuchoma halijanyooka: juu hapapiti kidole, chini panapita ngumi. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kazi hiyo kwanza.

1. Foamu ya milango na madirisha, isiyovimba sana, ya kufungwa kwenye bunduki ya kupulizia

Hii ndiyo ningeinunua. Foamu ya kawaida ikipulizwa huvimba kwa nguvu, na fremu nyembamba ya aluminiamu au ya mbao laini inaweza kusukumwa ikabinuka katikati, mlango ukaanza kukwama. Hii ya milango huvimba kidogo na kusukuma kidogo. Bunduki nayo inakupa uwezo wa kupima: ukibonyeza kidogo inatoka kidogo, ukiachia inakata.

Bunduki yenyewe ni gharama, sina ubishi. Lakini kopo likibaki limefungwa juu yake, na skrubu ya nyuma imekazwa, nusu iliyobaki inaweza kutumika hata wiki kadhaa baadaye. Mafundi wengi wa aluminiamu wanayo. Kama una fremu mbili tatu tu, mlipe akupulizie, au umwombe akuazime. Angalia shingo ya kopo kabla ya kulipa, maana kopo la mrija (linalopulizwa kwa mrija wa plastiki, bila bunduki) halifungi kwenye bunduki, na la bunduki halikubali mrija.

2. Foamu ya kawaida ya mrija

Kwa kazi moja ya kumaliza leo leo, inatosha: tundu la bomba la maji ukutani, waya za umeme zinapoingilia, uwazi chini ya bati ambako nyuki wa Tabora hupenda kuhamia (hakikisha kwanza hawamo, ukiwafungia ndani watatafuta njia ya kutokea sebuleni). Mrija ukishaganda kopo ndiyo basi, kwa hiyo kusanya matundu yote ya nyumba uyazibe siku moja. Ukiitumia kwenye fremu, pachika vipande vya mbao ndani ya fremu vya kuitanua, uviache mpaka kesho yake.

Iwe ya kwanza au ya pili, foamu haishiki fremu peke yake. Skrubu na fisha (plagi za ukutani) kwanza, foamu baadaye. Fundi anayekuambia foamu itabeba mlango wa mninga anataka kuondoka mapema.

3. Foamu ya gundi

Imetengenezwa kwa ajili ya kubandikia vitu, na haivimbi sana. Inafaa kubandika bodi za jipsamu ukutani, mbao za ukingo wa dirisha, bodi nyepesi za kuzuia joto chini ya bati. Ulaya wanaijengea hata kuta, lakini kwa matofali ya kiwandani ambayo nyuso zake zimelingana kabisa, na unene wa gundi ni milimita chache tu. Tofali zetu za tanuru kila moja ina sura yake. Hapo saruji na mchanga havina mpinzani, na bei yake ni nafuu zaidi. Naiweka ya tatu kwa sababu wengi hawana kazi nayo, si kwa ubovu. Haishiki nailoni wala mabomba ya plastiki laini.

4. Foamu ya kuzuia moto

Mara nyingi ni ya rangi ya waridi, ila rangi si uthibitisho. Tafuta B1 kwenye kopo, daraja la foamu isiyoshika moto kwa urahisi katika kipimo cha Kijerumani cha DIN 4102. B2 ni ya kawaida, B3 huwaka kwa urahisi. Kwa nyumba ya kuishi ni pesa nyingi kwa faida ndogo. Na hata hii, usiiweke kando ya bomba la moshi la jiko.

Kabla ya kutoa hela

Usitazame mililita za mbele, tazama gramu: makopo mawili yenye ukubwa mmoja yanaweza kubeba uzito tofauti, kwa hiyo gawanya bei kwa gramu. Soma tarehe ya mwisho chini ya kopo. Kopo lililopangwa barazani juani liache, kwani linaandikwa lisipite nyuzi joto 50, na likizeeka hutoa foamu ya maji maji. Ukikata foamu iliyokomaa, nzuri ina vitundu vidogo vinavyolingana na ukiibonyeza inarudi. Mbovu ina mapango na inavunjika kama mkate mkavu.

Kuna jambo moja la hali ya hewa. Foamu hii hukomaa kwa kunyonya unyevu, haikauki kama rangi. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, Tabora hewa ni kavu na tofali ni kavu zaidi, kwa hiyo futa vumbi, nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia, kisha puliza. Tikisa kopo vizuri, la mrija lishike kichwa chini, jaza nusu ya mwanya uache ivimbe. Mwanya mpana wa ngumi jaza kwa tabaka, ukinyunyizia maji katikati. Baada ya kama saa moja unaikata kwa kisu. Kukomaa kabisa ipe siku nzima. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na jiko la mkaa litolewe nje kabisa, maana gesi ya kopo inawaka. Ikikudondokea mahali, ifute na asetoni kabla haijaganda. Ikishaganda ni kukwangua tu.

Upande wa nje ifunike kwa lipu au rangi. Jua huigeuza njano, kisha kahawia, kisha unga.

Kazi mbili usizinunulie kopo lolote. Bati linalovuja linataka msumari mpya na kizibo chake. Na ukuta wenye mchwa: wao hutoboa foamu na kupita ndani yake bila wewe kuona kichuguu, kwa hiyo hela hiyo iende kwenye dawa ya mchwa kwanza, fremu baadaye.