Maharage: Kuyaloweka Usiku Kucha au Kuyapika Makavu?

Kwa upande wa nishati, kuloweka kunashinda bila ubishi: maharage yaliyolala majini kwa saa 8 hadi 12 hunywa maji, ganda lake lililonyauka hunyooka, nayo huiva mapema zaidi, jambo lenye uzito mkubwa kwa anayepikia mkaa. Kumwaga maji hayo huondoa pia sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi.

Kwa ladha, hata hivyo, nawapa ushindi wanaopika makavu, kwa kuwa mchuzi wao hutoka mzito na wenye rangi.

Kuloweka kunadai uangalizi: katika joto la Tanga au Mombasa, bakuli lililoachwa jikoni mpaka mchana huanza kutoa povu na harufu ya uchachu, hivyo maji yabadilishwe. Kwa njia yoyote ile, maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu kwa nusu saa, kwani kuloweka peke yake hakuondoi sumu yake ya asili.

Mwenye sufuria ya presha na wageni wa ghafla apike makavu. Anayehesabu kila kopo la mkaa aloweke, hasa kama maharage yake yamekaa ghalani muda mrefu yakawa magumu.