Uzoefu wangu: kumtafuta babu, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), kwa medali zake

Tulipoanua matanga ya bibi kule Mpwapwa, shangazi alifungua sanduku la bati akatoa kopo la kahawa lililoviringishwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na medali tatu, nyota mbili za pembe sita na moja ya duara, pamoja na kitabu kidogo cha kuachiwa jeshi kilicholiwa na mchwa nusu. Siku zote baba alituambia babu alipigana vita vya Mjerumani, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vilivyoleta njaa kuu ya Mtunya Ugogo. Nimezifuatilia miezi minne nikiwa Dodoma mjini, mwishoni kwa tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na namwandikia yeyote mwenye kopo kama hilo nyumbani.

Nilianza vibaya. Nilizipeleka kwa sonara mmoja, akazigeuza ukingoni, akasema hazina jina kwa hiyo ni za bandia, akataka kuzinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nusura nimwachie. Kumbe nyota ambazo Waingereza walitoa baada ya Vita vya Pili hazikuchongwa jina. Zenye namba, cheo na jina ukingoni ni medali za vita vya 1914 hadi 1918. Kwa hiyo ukingo mtupu ulikuwa unaniambia kitu. Katikati ya kila nyota kuna herufi GRI na chini yake VI, yaani Mfalme George VI, aliyetawala kuanzia 1936. Baba alikuwa amekosea vita. Wakati wa Mtunya babu alikuwa mtoto mdogo mwenye njaa.

Utepe wa nyota moja ndio uliosema mengi zaidi. Mbele ulikuwa umepauka kabisa, lakini nilipoinua pale ulipokunjwa kwenye pini, rangi ilikuwa bado mbichi: nyekundu pana katikati, buluu nzito pande zote, na mstari wa chungwa ndani ya kila buluu. Hiyo ni nyota ya Burma, nchi ambayo sasa ni Myanmar. Tafadhali, usifue utepe wala usisugue medali kwa majivu.

Burma walikwenda askari wa Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo wa batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Mwaka 1944 walisonga bonde la Kabaw katikati ya masika wakiwafukuza Wajapani, hadi Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Niliposoma hilo nilimkumbuka bibi. Alikuwa akisema mvua ikinyesha usiku, kijiji kizima kinashukuru, babu peke yake anaketi kitandani mpaka kuche.

Sasa kuhusu tovuti yenyewe. Ni ya bure na inafunguka vizuri hata kwa simu yangu ya kawaida. Lakini ina waliokufa tu, kwa vita vya pili kuanzia Septemba 1939 hadi Desemba 1947. Babu alirudi, kwa hiyo hayumo, na kwa hilo nilipoteza wiki mbili. Ukiwa na namba ya jeshi, tafuta kwa namba. Huna, basi jaribu jina kwa kila tahajia: makarani waliandika walivyosikia, L ikawa R, Ch ikawa K.

Jambo moja linaniuma. Kuna wakala hapa mjini alinitoza shilingi 80,000 akiahidi fidia kutoka Uingereza. Hakuna alichonipa zaidi ya namba ya simu isiyopatikana. Msimpe mtu hela kwa ahadi hiyo.

Babu alikuwa na mdogo wake, waliandikishwa jeshini siku moja. Huyo hakurudi, na nyumbani hakuna aliyejua alikolala. Kwenye ile tovuti, tahajia ya tatu ilimtoa: jina, namba inayofuatana na ile ya babu kwenye kitabu, na makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon, pamoja na namba ya kaburi lake. Niliuchapa ukurasa nikaupeleka Mpwapwa. Shangazi hajui kusoma, akaniomba nimsomee jina tu, mara mbili, kisha akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya kopo.