"Mbele Inanoga": Mwongozo wa Kununua Tamthilia Zinazoanza Polepole

Mwaka juzi nilinunua misimu yote mitano ya The Wire katika kibanda kimoja cha kurusha filamu hapa Ngamiani, Tanga, nikalipa shilingi 10,000, na baada ya sehemu tatu nikaifuta yote kwenye flashi ili nipate nafasi ya kuwekea taarabu za mama. Muuzaji alikuwa ameniambia, kama wanavyoambiwa wanunuzi wote, "Vumilia tu, dada, mbele inanoga." Nilivumilia kwa muda wa saa tatu hivi, sikuona kilichonoga, na kwa mwaka mzima uliofuata kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba tamthilia ile inafaa kubembelezea usingizi. Naandika mwongozo huu kwa sababu nilikosea, na kwa sababu malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanaonesha kwamba wengi wanakosea kwa namna ileile.

Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam akiwa na nakala yake, tulikaa jioni moja tukairudia sehemu ya tatu. Ndani yake wamo vijana wauza dawa za kulevya wanaocheza drafti kwa kete za sataranji, na mkubwa wao, D'Angelo, anawashangaa, anaketi, na kuwafundisha sataranji yenyewe: mfalme ni nani, nani humlinda, na wale askari wa mstari wa mbele huishia wapi. Mazungumzo hayo ni ramani ya tamthilia nzima, kwa kuwa askari wa mbele ni vijana wenyewe wanaofundishwa, nao hawajui. Katika nakala niliyonunua mimi, D'Angelo alipokuwa akimweleza mfalme, maandishi ya chini yalikuwa bado yanaonesha maneno ya tukio lililotangulia. Nilitazama watu wakicheza drafti huku nikisoma habari za watu wengine, kisha nikailaumu tamthilia kwamba inakwenda polepole.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia ubora wa picha, wala umaarufu wa waigizaji, wala ukubwa wa runinga, kwa sababu hayo kila mnunuzi huyaangalia bila kuambiwa. Kigezo changu ni maandishi ya chini, yale ambayo vibandani huitwa sabtaito, na nawaomba wasomaji wanistahimilie nikiking'ang'ania. Tamthilia inayoanza kwa risasi na magari kukimbizana inaweza kufuatwa hata na mtu asiyesikia neno, macho yanatosha. Tamthilia inayoanza polepole haina msaada huo, kwa sababu kila inachokijenga katika sehemu tano au sita za mwanzo inakijenga kwa maneno: nani anamdai nani, nani amemkosea nani, nani anasema uongo. Maandishi yakichelewa hata kwa sekunde nne, jibu linasomeka mdomoni mwa aliyeuliza, na mtazamaji anayetegemea Kiingereza cha shule anabaki na picha za watu waliokaa kwenye viti.

Maandishi huchelewa kwa namna mbili, na mnunuzi anapaswa kuzitofautisha kabla ya kutoa pesa. Namna ya kwanza ni ucheleweshaji usiobadilika, ambao mara nyingi hutokea pale nakala moja inapokuwa na muhtasari wa sehemu iliyopita na nyingine ikawa imekatwa. Kasoro hiyo inatibika, kwa kuwa mwenye kompyuta na VLC, programu ya kuchezea video, anaweza kuyasogeza maandishi kwa kubofya herufi G au H, kila mbofyo ukiyasogeza kwa milisekunde 50. Namna ya pili ni ucheleweshaji unaokua. Video nyingi za Marekani huenda kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 23.976 kwa sekunde, ilhali nakala zilizotayarishwa kwa runinga za Ulaya huenda kwa fremu 25, na maandishi ya nakala moja yakibandikwa juu ya nyingine, tofauti inayoanza kama mzaha hufika dakika mbili nzima ifikapo dakika ya hamsini. Hiyo haitibiki kwa kubofya herufi. Mwambieni muuzaji awafungulie dakika ya tatu, kisha awafungulie dakika ya hamsini ya sehemu hiyohiyo, na mtazame midomo. Akikataa, ondokeni. Aidha, hakikisheni kwamba faili la maandishi limekaa katika folda moja na video yake na lina jina lilelile herufi kwa herufi, maana lisipokuwa hivyo huenda runinga isilione kabisa, na mkadhani mmepunjwa wakati mmepewa.

Wasomaji wengine wameniuliza kwa nini nisipendekeze nakala zenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Naziheshimu kwa filamu za mapigano, na nimekua nikizicheka kama watoto wengine wa hapa. Kwa tamthilia ya polepole hazifai hata kidogo, kwa sababu mtafsiri huuona ukimya kuwa hasara na huujaza kwa utani. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa tatu wa Better Call Saul kuna mzee aitwaye Mike anayelivunjavunja gari, kipande baada ya kipande, akitafuta kifaa anachoamini kimefichwa ndani yake kumfuatilia, naye hasemi karibu neno lolote. Katika nakala yenye mtafsiri niliyoazimwa na jirani, Mike alizungumza wakati wote huo, akamtaja mkewe, akalalamikia bei ya vipuri.

Sasa nije kwenye mpangilio wenyewe wa tamthilia ninazozipendekeza. Naungama mapema kwamba naipendelea HBO, na sioni haja ya kujifanya hakimu. Ni kituo kinacholipiwa na watazamaji wake na kisichoweka matangazo ya biashara katikati ya vipindi, na kwa hiyo mwandishi hana sababu ya kutengeneza mshtuko kila baada ya dakika kumi ili mtazamaji asihame wakati wa tangazo la sabuni. Polepole ya HBO, kwa kawaida, ni ya makusudi.

Nafasi ya kwanza ni The Wire, iliyorushwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, sehemu 60 kwa jumla. Aliyeiunda, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu katika gazeti la Baltimore, mji wa Marekani inakotokea hadithi hii, na mwenzake Ed Burns alikuwa polisi kisha akawa mwalimu, jambo linaloeleza kwa nini msimu wa nne, unaowafuata wavulana wanne wa shule, unauma kuliko mingine. Idris Elba anayeigiza Stringer Bell ndiye huwavuta wengi, lakini mimi nataka kuwashawishi wanunuzi wa Tanga kwa msimu wa pili, ambao Wamarekani wengi waliutazama kwa kununa kwa sababu uliwaacha vijana wa mitaani na kuhamia bandarini. Humo yumo Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli, anayehonga wanasiasa kwa fedha chafu ili mkondo wa kuingilia meli uchimbwe na gati la nafaka lifufuliwe, kwa maana meli zimepungua na vijana wake wanapata siku chache za kazi. Mtu aliyelelewa mjini hapa, akakumbuka jinsi meli kubwa zilivyotia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari kabla ya kina cha gati kuongezwa, na aliyewasikia wazee wakihesabu miaka kwa meli za mkonge, hahitaji kuambiwa avumilie. Mimi huu ndio msimu nilioutazama mara mbili. Tahadhari moja tu: mazungumzo ya Baltimore ni mazito, na bila maandishi yaliyonyooka msiinunue hata kwa shilingi mia.

Nafasi ya pili naipa The Leftovers, pia ya HBO, misimu mitatu, sehemu 28, kati ya mwaka 2014 na 2017. Asilimia mbili ya watu wote duniani wametoweka kwa wakati mmoja bila sababu, na hadithi inaanza miaka mitatu baadaye, miongoni mwa waliobaki. Msimu wa kwanza ni mzito kama nyumba ya msiba, na kwa kweli ni msiba usio na maiti wala kaburi, na kwa hiyo usiojulikana arobaini yake isomwe lini. Waliowahi kupotelewa na ndugu baharini wataelewa haraka kuliko wengine. Msimu wa pili unahamia mji mmoja wa Texas ambao hakupotea mtu hata mmoja, na hapo ndipo tamthilia inapofumbuka. Kasoro yake inahusu tena maandishi: kuna kundi la watu wavaao nguo nyeupe ambao wameapa kutosema na huandika kwenye vikaratasi, kwa hiyo mtazamaji asiyesoma haraka hulazimika kusimamisha picha.

Ya tatu ni Black Sails ya kituo cha Starz, sehemu 38, mwaka 2014 hadi 2017, iliyopigwa picha Cape Town ingawa inasimulia maharamia wa Nassau, visiwani Bahama, mwaka 1715. Wanaoinunua kwa ajili ya mapanga hukasirika, kwa sababu msimu wa kwanza unashughulika zaidi na mikopo, wanunuzi wa mali ya wizi, na mwanamke aitwaye Eleanor Guthrie anayeamua chombo gani kiuze na kipi kisiuze. Kwangu hilo ndilo tamu. Pwani yetu inajua kwamba aliyekopesha jahazi hupata faida kabla ya nahodha. Katika msimu wa pili siri ya Kapteni Flint inafunuliwa, na kila alichokifanya awali kinapata maana nyingine.

Better Call Saul ni ya nne, na najua kuna watakaoniandikia kwa hasira, kwa maana inastahili kupanda. Imeshuka kwa sababu si ya HBO bali ya kituo cha AMC, na nimekwisha kuungama. Ina sehemu 63, za mwaka 2015 hadi 2022. Breaking Bad, tamthilia iliyoitangulia na kuizaa hii, siiweki katika mpangilio, kwa kuwa haianzi polepole kiasi hicho, lakini ninayo kesi nayo, au tuseme ninayo kesi na wanaoiuza. Vibanda vya hapa hutoza kwa msimu, na msimu wowote huuzwa kwa bei moja. Msimu wa kwanza wa Breaking Bad una sehemu saba tu, kwa sababu mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2007 na 2008 uliukatiza, ilhali msimu wa kwanza wa The Wire una sehemu 13. Mnunuzi analipa sawasawa. Isitoshe, msimu wa tano wa Breaking Bad, wenye sehemu 16, ulirushwa kwa mafungu mawili ya nane nane, mwaka 2012 na 2013, na muuzaji mmoja aliniuzia fungu la pili kwa jina la msimu wa sita. Nilipomrudia na kumweleza kwamba msimu wa sita haupo, alinijibu kwa upole mkubwa, "Basi, dada, wewe umepata ambao wenzio hawana." Risiti hakuna, na pa kushtaki hakuna, kwa maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ikimfikia yule muuzaji, haitakuwa kwa ajili ya kunitetea mimi.

Wenye uwezo wa kulipia huduma halali za intaneti wanaepukana na balaa la maandishi, kwa sababu huko yamefungwa pamoja na picha, na nisingewashauri wafanye vinginevyo. Wapige hesabu kwanza, kwani picha ya kiwango cha kawaida hula karibu gigabaiti moja kwa saa, na tamthilia ya sehemu 60 ni bando la kuuzia mbuzi.

Ya tano ni Halt and Catch Fire, misimu minne ya sehemu kumi kumi, kuhusu watengenezaji wa kompyuta wa Texas miaka ya 1980. Msimu wa kwanza unamshangilia mno mwanamume mmoja mwenye suti, na kuanzia wa pili unawapa nafasi Cameron na Donna, wanawake wawili wenye kampuni yao, ikawa tamthilia nyingine kabisa.

Kwa wenye pesa kidogo kuna vichekesho vya nusu saa. Parks and Recreation inatosha: msimu wa kwanza una sehemu sita na hauchekeshi, kwa hiyo nunueni kuanzia wa pili, na ule wa kwanza mwachieni muuzaji.