Tortilla ya Oaxaca na tortilla ya Sonora: ipi ni ya Meksiko hasa?

Wanaotafuta chakula halisi cha Meksiko huambiwa mara nyingi kwamba tortilla (mkate bapa mwembamba) ya mahindi peke yake ndiyo asilia, na kwamba ile ya ngano ni mambo ya Marekani. Dai hilo lina nguvu ukiwa Oaxaca, jimbo la kusini, lakini halisimami ukifika Sonora, jimbo la kaskazini.

Oaxaca, mahindi huchemshwa kwa maji yenye chokaa, hulazwa humo usiku kucha, kisha huoshwa na kusagwa yangali na unyevu. Chokaa hulegeza maganda na kuuwezesha mwili kupata niasini, aina ya vitamini B, ambayo vinginevyo ingebaki imefungika ndani ya punje. Donge hilo hutengenezewa tlayuda, tortilla pana iliyokaushwa kidogo, ambayo hupakwa mafuta ya nguruwe na maharage yaliyopondwa, ikatandazwa jibini la nyuzinyuzi na kuwekwa juu ya makaa.

Sonora ni nchi ya jangwa na ng'ombe. Ngano ililetwa na wamisionari Wajesuiti katika karne ya 17, na wapishi wa huko hulivuta donge la unga wake mikononi hadi liwe jembamba kuliko chapati ya kawaida, hulioka, kisha hufungia humo nyama ya kuchoma na chiltepín, pilipili mwitu ndogo kali.

Kwa ukale, Oaxaca inashinda bila mjadala. Kwa uhalisi sioni tofauti, kwa kuwa nguruwe na ufundi wa kutengeneza jibini vya Oaxaca navyo vililetwa na Wahispania. Nikilazimika kuchagua, nitachukua tlayuda, kwa sababu harufu ya mahindi yale haipatikani katika unga wa pakiti.