Kikokotoo cha umbali kilinipa masaa 9, ndege ikaenda 13

Jamani ngoja nitoe uzoefu wangu na hii programu ya simu ya kupima umbali wa ndege, ile unaandika mji unaotoka na unaoenda inakuletea kilomita na masaa. Nilikuwa na safari ya kikazi Helsinki kwenda Tokyo, nikaweka, ikanipa kama kilomita 7,800 na masaa 9 na dakika 10. Nikajumlisha tofauti ya masaa 6 (ilikuwa kiangazi, wakati wa baridi inakuwa 7), nikaona nikiondoka saa 12 kasoro jioni natua saa 3 asubuhi, basi nikamwahidi mwenyeji tukutane saa 6 mchana, kichwa kichwa tu, hata tiketi sijakata.

Tiketi inakuja, masaa 13! Yani saa 6 ile niliyoahidi mimi bado niko angani. Ikabidi nianze kumpigia mtu magoti.

Kumbe programu haina habari na njia. Inavuta uzi juu ya tufe kutoka mji hadi mji, inagawa kwa kilomita 900 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Na huo uzi wa Helsinki na Tokyo karibu wote unapita juu ya Urusi, na tangu Februari 2022 nchi za Ulaya zilipofungia ndege za Urusi anga lao, Urusi nayo ikafunga la kwake, kwa hiyo ndege za Ulaya zinazunguka. Sisi kwenda tulishuka kusini tukapita Uturuki na Kazakhstan, kurudi tukapitia huko juu Ncha ya Kaskazini. Zamani ilikuwa kama masaa 9 na nusu tu, ndo maana hesabu ya programu sio ya kijinga, imepitwa na wakati tu.

Nikaijaribu na London na New York, kilomita 5,500 na kitu, ikanipa masaa yale yale kwenda na kurudi. Wapi! Kule juu kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, ukienda New York unapambana nao karibu masaa 8, ukirudi unakusukuma unaokoa saa nzima.

Halafu inapima katikati ya mji sio uwanjani, uwanja wa ndege wa Narita mpaka Tokyo mjini ni kama kilomita 60 zingine, hizo hazimo.

Kwa kilomita iko vizuri, sina ugomvi nayo, inabadili mpaka maili za kawaida na za baharini bila kukwama. Kwa masaa naipa nyota 2 kati ya 5, na hizo 2 ni kwa sababu haina matangazo. Kujua nafika saa ngapi siku hizi nafungua ratiba ya ndege yenyewe.