Kipimo cha hewa ukaa: kipi ununue ukiwa Arusha, kipi ukiwa Tanga

Uyoga wa mamama ukikosa hewa safi hukwambia wenyewe: shina linarefuka, kofia inabaki ndogo kama kifungo cha shati. Mama mmoja anayelima kwenye miteremko ya Meru aliniita banda lake likiwa katika hali hiyo. Ukutani alikuwa ametundika kipimo cha hewa ukaa, kipya kabisa. "Fundi, mashine inasema 640, hewa ni nzuri. Mbona uyoga umekuwa hivi?" Nikaweka kipimo changu kando ya chake, tukatoka nje, tukarudi baada ya dakika kumi. Changu kilisoma 1,350.

Kipimo chake kilikuwa kizima. Tatizo lilianza siku ya kukinunua, kwa sababu muuzaji hakumuuliza banda lake liko kwenye mwinuko gani, wala kama humo ndani hewa huwahi kuwa safi kama ya nje. Maswali hayo mawili ndiyo nitakayoyatumia kupanga vipimo hapa, kuliko bei na kuliko uzuri wa kioo. Ninayemwandikia ni mkulima wa uyoga, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, mwalimu mwenye darasa lililojaa, na fundi anayewaungia vifaa vyao.

Kwanza, hakikisha ndani kuna mwanga

Namba inayoonekana kwenye kipimo ni ppm, yaani sehemu ngapi za hewa ukaa zimo katika kila sehemu milioni za hewa. Namna ya kuaminika ya kuipata kwa bei ya mtu wa kawaida ni mwanga. Hewa ukaa humeza mwanga wa infraredi kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26, na gesi nyingine zilizo hewani kwa wingi haziusumbui sana mwanga huo. Ndani ya sensa, yaani kile kipande cha kipimo kinachohisi gesi, kuna taa ndogo, kijichumba cha kupitisha hewa, kichujio kinachoruhusu wimbi hilo tu, na jicho upande wa pili. Hewa ukaa ikizidi, mwanga unaofika kwenye jicho unapungua. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa ya Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alitumia mashine ya kanuni hii hii, ila yake ilikuwa kubwa na ghali. Wakati huo hewa ya dunia ilikuwa na takribani ppm 315. Leo imepita 420, na namba hiyo ikumbuke, maana utaihitaji siku ya kusawazisha kipimo chako, yaani kukirekebisha kisome sawa.

Kuna aina nyingine inayotumia mwanga ule ule lakini badala ya jicho ina sikio. Taa inawaka kwa mapigo. Gesi ikimeza kila pigo inapata joto na kutanuka, kisha inapoa na kusinyaa, na huko kutanuka na kusinyaa ni sauti. Maikrofoni ndogo inaisikiliza. Alexander Graham Bell aliibaini tabia hii ya mwanga kuzaa sauti mwaka 1880. Leo imeingia kwenye sensa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Sasa onyo, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Sokoni kuna vifaa vinavyoandika "CO2", alama ya hewa ukaa, kwenye kioo na ndani hakuna taa yoyote. Vimewekwa sensa za oksidi ya metali, kama CCS811 au SGP30, ambazo huhisi mivuke ya kemikali na kisha kukadiria hewa ukaa kwa hesabu. Kwenye maelezo yake utakuta herufi moja ya ziada, "eCO2". Nyingine ni MQ-135, ambayo wanafunzi wa ufundi wanaipenda kwa kuwa ni rahisi. Hizi zina kazi zake, lakini kupima hewa ukaa si mojawapo.

Jaribio la dukani ni hili. Mwagia pamba matone machache ya spiriti au kitakasa mikono, isogeze karibu na kipimo, wewe mwenyewe ukiwa umebana pumzi. Namba ikiruka kuelekea maelfu, rudisha kifaa kwenye boksi. Sensa ya mwanga haina habari na spiriti. Baada ya hapo ipulizie pumzi. Pumzi ya mtu ina karibu asilimia 4 ya hewa ukaa, sawa na ppm 40,000, kwa hiyo kipimo cha kweli kitapanda haraka hadi mwisho wa uwezo wake, kisha kitashuka taratibu kwa dakika kadhaa.

Mwinuko unavyodanganya

Sensa ya mwanga huhesabu molekuli zilizosimama njiani. Tanga, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Arusha mjini, karibu mita 1,400 juu, ni kama 86. Nairobi ni kama 83. Hewa ikiwa nyepesi, molekuli kwenye kijichumba kile kile ni chache zaidi, hata kama uwiano wa hewa ukaa haujabadilika. Sensa iliyosawazishwa kiwandani kwa mgandamizo wa pwani itasoma chini. Kampuni ya Senseair, kwa mfano, wanaeleza kwamba sensa yao ya S8 hupotoka asilimia 1.6 ya usomaji kwa kila kilopaskali moja nje ya 100. Fanya hesabu ya Arusha: upungufu wa zaidi ya asilimia 20. Banda lenye ppm 1,000, ambapo ulipaswa kufungua madirisha, linaonekana lina chini ya 800, nawe unakwenda kulala.

Ndiyo maana orodha yangu inabadilika kulingana na mahali ulipo. Naanza na nyanda za juu, kwa kuwa huko ndiko kosa linakoumiza.

Nafasi ya kwanza: SCD41

Hii ni sensa ya kampuni ya Sensirion ya Uswisi, ndiyo ile yenye sikio. Naiweka juu kwa sababu unaweza kuiambia mwinuko kwa mita, au kuitumia mgandamizo wa hewa kutoka kwenye sensa nyingine ya bei ndogo, nayo inarekebisha yenyewe. Inakubali umeme kuanzia volti 2.4 hadi 5.5, kwa hiyo bodi ya ESP32, ile kompyuta ndogo ya mafundi, inaiendesha bila tabu, na inakupa joto na unyevu pia. Masafa yake ya kuaminika ni ppm 400 hadi 5,000.

Angalia jina kwa makini. Pacha wake SCD40 anafanana naye kwa sura, lakini usahihi wake unadhaminiwa hadi 2,000 tu. Kwa darasa inatosha. Kwenye banda la uyoga, ambako asubuhi kabla ya kufungua unaweza kukuta 3,000, chukua 41. Ukipata kaka yao mkubwa SCD30 kwa bei nzuri, usimdharau: anatumia jicho la kawaida la infraredi, naye pia anapokea mwinuko, na masafa yake yanafika 10,000.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa pwani: Senseair S8

Inatoka Uswidi. Kosa lake halizidi ppm 40 pamoja na asilimia 3 ya usomaji, juu au chini, na nimezikuta zikiendelea kusoma vizuri baada ya miaka ya vumbi na joto. Udhaifu wake ni ule wa mwinuko. Haina mahali pa kuandikia mita, kwa hiyo marekebisho unayafanya mwenyewe kwenye programu. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, jambo hilo halikuhusu, na ningeinunua kabla ya SCD41 bila kusita. Ipe umeme wa kutosha, maana taa inapowaka inavuta hadi miliampia 300 kwa kitambo kidogo. Waya mwembamba wa mita kumi utaifanya isome ovyo na utailaumu bure.

Nafasi ya tatu: kifaa kamili kama Aranet4

Kama huna fundi na hutaki waya, nunua kifaa kilichokamilika. Aranet4 hutengenezwa Latvia na ndani ina jicho halisi la infraredi. Inakaa muda mrefu sana kwa betri mbili za AA, inaonyesha pia mgandamizo wa hewa, na inatuma namba kwenye simu. Mwalimu anaiweka mezani na kazi imekwisha. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa bei yake, ambayo huzunguka dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na kwa sababu haiwezi kuwasha feni ya banda moja kwa moja.

Nafasi ya nne: MH-Z19

Hii ya Winsen kutoka China ndiyo utakayoikuta kirahisi zaidi, na ndiyo ya bei ya chini kati ya zile za mwanga. Kwa mwanafunzi anayejifunza, ni nzuri. Kwa biashara, nina mashaka mawili. Haina marekebisho ya mwinuko, na nakala zake ni nyingi kiasi kwamba utapata mbili zenye jina moja na tabia tofauti. Ukiamua kuichukua, nunua mbili, ziweke pamoja siku nzima. Zikitofautiana kwa zaidi ya ppm 150, rudi dukani.

Usawazishaji wa kiotomatiki

Hapa ndipo kosa la pili la yule mama lilipokuwa. Karibu sensa zote hizi zinatoka kiwandani zikiwa na utaratibu wa kujisawazisha. Sensa hukusanya usomaji wa chini kabisa wa siku kadhaa, S8 kwa mfano takribani siku nane, kisha inaamini kwamba huo ndio hewa safi ya nje, na kuuita 400. Ofisini ambako watu huondoka jioni, utaratibu huu unafaa sana. Banda la uyoga haliondokewi na mtu. Uyoga unapumua usiku na mchana, hewa ya humo haifiki 400 hata siku moja, na sensa kila wiki inajiongopea kidogo zaidi. Mashine ya kutotolesha na banda la kuku wa nyama lililofungwa kwa baridi vina hali hiyo hiyo. Ukinunua kwa kazi kama hizo, muulize muuzaji swali moja: utaratibu huu unazimwaje? Asipojua, tafuta muuzaji mwingine.

Ukishauzima, kazi ya kusawazisha ni yako, mara moja kila baada ya miezi michache. Fanya pale pale sensa itakapotumika. Ukiisawazisha Kariakoo na kuipandisha Lushoto, umerudi ulikoanzia. Itoe nje saa nane mchana, upepo ukiwepo, mbali na barabara na moshi wa jikoni, iache itulie, kisha sogea mbali ili pumzi yako isiifikie na uipe amri ya hewa safi. Alfajiri haifai hata kidogo. Usiku mimea na udongo vinapumua, na hewa iliyolala chini ya migomba inaweza kuwa juu sana ya ile 420.

Mahali ambapo usinunue kipimo hiki

Jiko la mkaa ndani ya chumba linaua kwa monoksidi ya kaboni, gesi nyingine kabisa, na vipimo vyote nilivyovitaja haviioni. Kwa hatari hiyo nunua king'ora cha monoksidi chenye sensa ya kikemikali, kilichoandikwa namba ya kiwango cha ubora, EN 50291 au UL 2034. Infraredi inaweza kuipima gesi hiyo, lakini kwa kiwango kidogo kinachoua binadamu mashine yake inakuwa ghali bila sababu. Na king'ora hakihalalishi kulala na jiko ndani.

Pia kuna mazuku. Wenzetu wa Goma na kandokando ya Ziwa Kivu ndio waliolipa jina hilo dimbwi la hewa ukaa linalotoka ardhini na kutuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Huua mifugo na watoto kwanza, walio karibu na ardhi. Wanasayansi wa volkano duniani sasa wanalitumia neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Humo kiwango huhesabiwa kwa asilimia, na kipimo kinachoishia ppm 5,000 kitakwama kwenye namba yake ya mwisho bila kukwambia kama uko kwenye 6,000 au 300,000. Kiwango cha 40,000 tayari huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa mabonde hayo, kwa visima, mashimo na vyumba vya mitungi ya gesi ya vinywaji, unahitaji kifaa cha infraredi cha kubeba chenye masafa ya asilimia na king'ora, na kinatangulia kushuka kwa kamba kabla ya mguu wa mtu.

Siku ya kufunga

Tundika sensa kwenye kimo cha mifuko ya uyoga, mita moja au zaidi kutoka mlangoni, mbali na mahali unaposimama kuvuna. Unyevu wa asilimia 90 inaweza kuuvumilia, lakini matone yakiganda kwenye kioo cha ndani usomaji unaharibika. Iweke ndani ya kikopo cha plastiki kilichotobolewa pande za chini, mdomo ukiangalia sakafu, na usiielekeze kwenye pua ya kunyunyizia maji. Kwa kalamu isiyofutika andika juu ya kikopo tarehe uliyosawazisha na mita za mwinuko ulizoingiza, ili fundi atakayekuja baada yangu aanzie hapo.