Seti ya kupima presha ya rejeta: inunue kabla hujaruhusu hedi ifunguliwe

Gari likichemsha, gereji nyingi huanza na spana. Themostati, vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, inang'olewa na kutupwa, feni inaungwa moja kwa moja izunguke muda wote, na tatizo likiendelea hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, inafunguliwa. Pampu ya mkono yenye geji, inayouzwa kwenye sanduku la plastiki pamoja na vifuniko vya kuunganishia, inaweza kukupa dalili ndani ya nusu saa kama hedi ina kosa au haina.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Unakifunga mahali pa mfuniko wa rejeta, unajaza presha, unatazama mshale. Uzuri wake ni kwamba maji yanatafutiwa njia injini ikiwa baridi, bila mvuke wa kukuunguza na bila feni kupeperusha matone.

Anza kwa kusoma mfuniko wa gari lako. Toyota nyingi zina namba 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba, karibu sawa na bar), yaani takriban kPa 88 na 108. Hiyo ndiyo presha ya kupima, usiizidishe: matangi ya plastiki ya rejeta yaliyozeeka na rejeta ndogo ya hita havivumilii. Jaza rejeta maji hadi mdomoni kwanza, kwa sababu nafasi ya hewa humeza mipigo mingi ya pampu na kuficha uvujaji mdogo. Kisha piga pampu, uache dakika 15. Ukipima injini ikiwa ya moto, mshale utashuka wenyewe jinsi maji yanavyopoa na utalaumu kitu kizima.

Mshale ukishuka, chukua tochi. Tazama pale plastiki ya rejeta inapobanwa kwenye alumini, klipu za mipira ya juu na chini, na kitundu kidogo chini ya wota pampu; ukoko wa rangi ya kulanti (maji ya rangi ya kupoozea injini) hapo maana yake sili ya pampu imekwisha. Zulia likiwa na unyevu miguuni mwa abiria na kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta mafuta, ni hita.

Lakini mshale ukishuka na chini kukavu kabisa, hapa ndipo seti hii inapolipa bei yake. Toa plagi zote, acha presha usiku kucha, chomoa koili na soketi za injekta, halafu piga stata. Maji yakiruka kutoka kwenye tundu la plagi, umeipata silinda yenye kosa. Usipige stata plagi zikiwa mahali pake: maji hayabanwi, na konrodi, fimbo inayoshika pistoni, inaweza kupinda.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hawakijui. Funga pampu injini ikiwa baridi na geji ikiwa sifuri, kisha washa. Mshale ukipanda kwa kasi ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni gesi ya mwako inayopenya gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Zima na uachie presha mara moja.

Mfuniko nao unapimwa kwa seti hiyohiyo, na watu huupuuza kuliko kitu chochote kwenye gari. Maji yenye presha ya 0.9 huchemka karibu nyuzi 118. Mfuniko usioshika presha unayarudisha kwenye 100 pale Dar es Salaam, na kwenye 94 hivi Nairobi au Mbeya, miji iliyo kwenye takriban mita 1,700 juu ya bahari. Themostati nyingi huanza kufunguka nyuzi 82, kwa hiyo nafasi ya usalama inabaki ndogo mno. Mfuniko wa 1.1 usipofika kPa 78, tupa.

Ukiweza, ongeza kipima gesi chenye maji ya bluu. Punguza maji ya rejeta sentimita 5 kutoka mdomoni, washa injini ipate joto, weka bomba lake juu ya mdomo wa rejeta na uvute hewa kwa kibonyezo dakika mbili. Maji ya bluu yakigeuka njano, kuna gesi ya mwako ndani ya maji ya rejeta. Kwa dizeli mabadiliko huwa hafifu, mara nyingi kijani tu, hivyo kanyaga pedali ya mafuta kidogo wakati wa kupima. Kulanti ikiingia ndani ya maji ya bluu, yameharibika, yamwage. Kabla ya kuyaamini, yajaribu kwenye bomba la moshi la gari lolote la petroli: yakibaki bluu, ni mabovu. Udhaifu wa kipima gesi ni kwamba ufa unaofunguka injini ikiwa na mzigo mkubwa tu unaweza usionekane.

Seti zote mbili hazitakuambia chochote kuhusu feni iliyokufa, rejeta iliyoziba ndani au themostati iliyokwama. Presha inakaa sawa na gari linachemsha. Kuchemsha kwenye foleni na kutulia barabara kuu kunaelekeza kwenye feni. Kuchemsha mlimani na kwenye mwendo kasi, kwenye rejeta au mzunguko wa maji. Themostati ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto, iwe imefunguka wazi kufikia nyuzi 95. Kuing'oa kabisa si tiba: kwenye injini zenye themostati ya sahani mbili, njia fupi, ile inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja, inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta.

Unaponunua, usidanganywe na wingi wa vifuniko. Seti yenye ishirini na kitu ina vingi vya magari ya Ulaya yenye mdomo wa nyuzi za kuzungusha. Mwenye Toyota anahitaji viwili au vitatu. Nenda na mfuniko wako dukani uulinganishe. Chagua geji ambayo bar 1 iko katikati ya uso wake, si ile inayofika 6, maana kushuka kidogo hutakuona. Kisha funga mfuniko wako kwenye pampu kwa kiunganishi chake, jaza chini kidogo ya namba yake, usubiri dakika kumi. Mshale ukishuka, jaribu mfuniko mpya wa dukani. Ukishuka tena, pete za mpira za pampu zinavuja, na hiyo seti iache kaunta.